Uzi: Bastola Marekani – kabla ya kuuliza "Texas wanaruhusu?", soma kwanza karatasi zako za uhamiaji

#1 – MsafiriWaMajimbo

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa ndugu zetu walioko Marekani, hasa madereva wa malori na wanafunzi, pamoja na wale ambao wako njiani kuja. Ni mrefu, someni taratibu.

Kwenye makundi yetu swali hili halikauki: "Nasikia Texas siku hizi hakuna kibali. Si naweza kununua bastola nikaiweka kwenye lori?" Wanaojibu mara nyingi ni watu wenye nia njema, ila wengi wao ni raia, na wanajibu kwa hali yao wenyewe. Mwenye grini kadi akifuata jibu hilo bila kuuliza zaidi anaweza kujikuta mbele ya hakimu wa uhamiaji kwa jambo ambalo jirani yake mzaliwa angelipia faini na kwenda zake.

Kwetu Tanzania au Kenya tumezoea sheria moja ya silaha kwa nchi nzima. Leseni yako ya Mwanza haibadiliki maana ukifika Mtwara. Marekani ipo sheria ya shirikisho, chini yake sheria za majimbo 50 na Washington DC, na mahali pengine hata mji una yake. Zote zinakubana kwa wakati mmoja. Jimbo likikuruhusu wakati sheria ya shirikisho inakukataza, wewe umekatazwa.

Kwa hiyo la kwanza la kujiuliza ni hili: kwa karatasi nilizo nazo, naruhusiwa hata kuishika?

Sheria ya shirikisho, inayotokana na ile ya mwaka 1968, ina orodha ya watu wasioruhusiwa kumiliki silaha wala risasi. Wamo waliopatikana na hatia ya kosa linaloweza kubeba kifungo cha zaidi ya mwaka 1, waliohukumiwa kwa ukatili wa kifamilia hata kama kosa lilikuwa dogo, na walio chini ya amri ya mahakama ya kutomsogelea mwenza. Hiyo ya amri ya mahakama ilipingwa hadi Mahakama ya Juu katika kesi ya Rahimi, na Juni 2024 majaji 8 kati ya 9 wakaiacha isimame. Wamo pia watumiaji wa bangi. Hapa wengi wanateleza. Illinois na Colorado bangi inauzwa dukani kwa risiti, lakini kwa sheria ya shirikisho bado imekatazwa, na fomu 4473 unayojaza dukani kabla ya kuuziwa silaha inakuuliza swali hilo waziwazi. Kudanganya kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai peke yake.

Kisha kinakuja kifungu kinachotuhusu sisi. Aliye nchini bila kibali halali cha kukaa haruhusiwi silaha. Aliyeingia kwa viza ya muda (mwanafunzi, mtalii, mfanyakazi wa mkataba) naye haruhusiwi, isipokuwa awe ndani ya mojawapo ya misamaha michache, na unaotumika zaidi ni leseni hai ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Adhabu ilikuwa hadi miaka 10. Tangu sheria ya Juni 2022 imekuwa hadi miaka 15.

Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Aliyeshinda bahati nasibu ya viza anaingia kama mkazi wa kudumu, naye anaruhusiwa. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na aliyekwisha kupewa hifadhi, sheria ya shirikisho haiwakatazi. Lakini kama kesi yako ya hifadhi bado haijaamuliwa, usiguse silaha mpaka wakili wa uhamiaji asome faili lako lote. Namna ulivyoingia nchini inaweza kugeuza jibu.

Wanafunzi, naomba mnisikilize. Neno "kumiliki" kwenye sheria hii ni pana. Kuazima bastola kwenye uwanja wa shabaha na kupiga risasi chache kisha kuirudisha kunahesabika. Kuna kesi iliyofika Mahakama ya Juu mwaka 2019, kesi ya Rehaif. Kijana wa Umoja wa Falme za Kiarabu alikuja Florida kwa viza ya masomo, akashindwa darasani, chuo kikamwondoa, akabaki nchini. Alikwenda uwanja wa shabaha, akapiga, akashtakiwa kwa kumiliki silaha. Mahakama ilisema serikali inapaswa kuthibitisha kwamba alijua hali yake ya uhamiaji. Yeye hakwenda kumdhuru mtu. Alikwenda kulenga shabaha, kama wanafunzi wenzake wanavyofanya mwisho wa wiki.

Sasa majimbo. Kwa miaka mingi ungeweza kuyagawa mafungu mawili: yanayotoa kibali cha kubeba kwa kila anayetimiza masharti, na yale yaliyotaka uthibitishe sababu maalumu. New York ilikuwa na utaratibu wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka 100, ukitokana na sheria ya 1911. Tarehe 23 Juni 2022, katika kesi ya Bruen, Mahakama ya Juu ikaufuta, na pamoja nao ikayagusa New Jersey, Maryland, Massachusetts, California na Hawaii. Watu wakasikia "mahakama imeruhusu bastola New York". Haikusema hivyo. Kibali bado kinatakiwa, kilichoondoka ni lile sharti la kueleza kwa nini unakihitaji wewe kuliko wengine. Kibali cha jimbo jingine New York hawakitambui. Hata kibali cha New York yenyewe kilichotolewa nje ya jiji hakikupi ruhusa ya kubeba ndani ya Jiji la New York bila idhini maalumu.

Upande wa pili kuna majimbo 29 ambako mtu mzima asiyekatazwa anaweza kubeba bastola bila kibali. Vermont haijawahi kudai kibali. Alaska ilifuata 2003, Arizona 2010, Texas Septemba 2021, Florida Julai 2023. Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno la "Texas hakuna kibali". Ni kweli, lakini kila jimbo limeweka masharti yake. Florida, kwa mfano, inakutaka utimize karibu vigezo vyote vya mwenye leseni hata kama huna leseni: miaka 21, na uwe raia au mkazi wa kudumu. Mkimbizi ambaye bado hajapata grini kadi anaweza asiwe na tatizo na sheria ya shirikisho, halafu akakwama hapo hapo Florida.

Texas nako usiingie baa na bastola. Mahali panapopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa pombe ya kunywea hapo hapo pana bango jekundu lenye 51, na kubeba humo ni kosa kubwa. Zipo pia namba za vifungu vya sheria, 30.05, 30.06 na 30.07, kwenye milango ya maduka na ofisi. Ya kwanza inawazuia wasio na leseni ya kubeba. Ya pili inawazuia wenye leseni waliobeba kwa kuficha, na ya tatu wenye leseni waliobeba waziwazi. Jifunzeni kuzisoma namba hizo kama mnavyosoma vibao vya barabarani.

Na hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Sheria ya uhamiaji inasema mgeni yeyote, mwenye grini kadi akiwemo, akitiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kutumia, kumiliki au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria, anaweza kufukuzwa nchini. Wakati wowote baada ya kuingia, iwe mwaka wa pili au wa thelathini. Haiulizi kama hakimu wa jimbo alikupa faini tu. Texas kuna utaratibu ambapo unakiri, hakimu anaahirisha hukumu, unamaliza muda wa uangalizi, na kwa macho ya jimbo hukuhukumiwa. Uhamiaji wanaihesabu kuwa hukumu. Na msamaha wa gavana, unaofuta aina fulani za makosa kwenye uhamiaji, kwa kifungu cha silaha haukuondolei hatari ya kufukuzwa.

Karibuni kwa maswali.

#2 – Mama_Wawili_Columbus

Shikamoo kaka, maana umeandika kama mtu mzima anayetujali. Hapa Ohio tangu Juni 2022 kibali cha kubeba si lazima, lakini bado kinatolewa kwa anayekitaka, na mume wangu alikichukua. Watu walimshangaa: analipia nini wakati ni bure? Naomba uwaeleze wengine faida yake.

#3 – MsafiriWaMajimbo

Marahaba dada. Mumeo kafanya vizuri. Kwanza, majimbo mengine hutambua kibali cha Ohio unaposafiri, na huwezi kuonyesha kibali usichonacho. Pili, sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000 (kama mita 300) kutoka shule. Inamsamehe mwenye leseni ya jimbo ambako shule ipo, na silaha isiyo na risasi iliyofungiwa kwenye chombo. Asiye na leseni anayebeba bastola yenye risasi kiunoni mjini anapita kwenye miduara hiyo ya mita 300 kutwa nzima bila kujua. Hakuna mji usio na shule.

#4 – Kichwa_na_Trela

Mkuu, mimi naendesha masafa marefu, Texas hadi pwani ya mashariki. Nina grini kadi. Kuna jamaa kaniambia ipo sheria ya shirikisho ya kupita majimbo yote na silaha bila kusumbuliwa. Ni kweli au maneno ya kituo cha mafuta?

#5 – MsafiriWaMajimbo

Ndugu yangu, ipo, ya mwaka 1986, na imewaponza watu kwa sababu wanaisikia nusu. Inakulinda ukitoka mahali unaporuhusiwa kuwa na silaha na kubeba, kwenda mahali pengine unaporuhusiwa vivyo hivyo. Katikati unapita tu. Silaha isiwe na risasi, na silaha pamoja na risasi zisiwe karibu na mkono wako. Gari lisilo na buti, na kichwa cha lori ni hivyo, vitu hivyo viwe ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa kufuli. Droo ya dashibodi au kile kisanduku cha katikati ya viti havihesabiki hata vikiwa na ufunguo.

Sasa jiulize mzigo wako unashushwa wapi. Kama unashushwa New Jersey, basi New Jersey ndiyo mwisho wa safari yako, na kinga inakutoka. Madereva wengi hawalijui hili.

Kuna msafiri mmoja wa Utah, mwaka 2005, alikuwa anaruka kwenda Pennsylvania kupitia uwanja wa Newark. Akakosa ndege ya kuunganisha, akapewa begi lake lenye bastola iliyofungiwa, akalala hotelini. Asubuhi aliporudi uwanjani akatangaza silaha yake kaunta kama inavyotakiwa, akakamatwa. Mashtaka ya jinai yaliondolewa baadaye, ila alipofungua kesi ya madai mahakama ya rufaa ilisema mwaka 2010 kwamba usiku ule hotelini begi lilikuwa mkononi mwake, kwa hiyo sheria ya kupita haikumlinda. Wewe unayelala ndani ya lori kituoni, fikiria kisanduku chako kiko umbali gani na kitanda.

New Jersey kumiliki bastola bila kibali chao ni kosa la miaka 5 hadi 10, na ipo sheria inayoweka kima cha chini cha miezi 42 kabla ya kufikiriwa kuachiwa. Magazini inayobeba zaidi ya risasi 10 ni kosa jingine. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia mwenye kibali halali cha Pennsylvania alisimamishwa huko kwa kosa la barabarani, akamwambia askari mwenyewe, kwa uaminifu, kwamba ana bastola. Alikamatwa. Ilichukua hadi Aprili 2015 Gavana Chris Christie alipompa msamaha. Huyo ni raia, na hana pa kufukuziwa.

Halafu uliza kampuni yako. Kanuni za shirikisho za malori hazikatazi dereva kuwa na silaha, lakini kampuni nyingi zinakataza kwenye mkataba, na kukutwa nayo ni kufukuzwa kazi. Mzigo wa Canada au Meksiko, iache nyumbani kabisa.

#6 – Mwana_wa_Uvira

Ndugu, aksanti kwa uzi. Niko Maine. Huku Wakongo tumekuwa wengi, na baada ya mauaji ya Lewiston ya Oktoba 2023, watu 18 walikufa, wenzetu wengi waliingiwa na hofu, wakataka silaha ya nyumbani. Swali langu ni la polisi. Ukisimamishwa barabarani unasema unayo au unanyamaza?

#7 – MsafiriWaMajimbo

Poleni sana kwa Lewiston.

Inategemea jimbo. Kwenu Maine, anayebeba bila kibali anatakiwa amwambie askari mara moja anaposimamishwa. Michigan mwenye leseni anatakiwa aseme papo hapo. Ohio tangu 2022 unatakiwa ujibu kweli ukiulizwa. Majimbo mengine hayadai chochote.

Lakini sheria ni sehemu moja tu ya jibu, na sisi weusi tunajua. Philando Castile, Minnesota, Julai 2016, alikuwa na kibali. Alimwambia askari kwa utulivu kwamba ana silaha. Askari akampiga risasi akiwa amefunga mkanda, mchumba wake kando na mtoto nyuma. Mwaka uliofuata jopo la mahakama likamwachia askari. Siwezi kukuambia kuna maneno yatakayokulinda kwa hakika. Ninachowaambia vijana wangu: taa ya ndani iwake, mikono yote juu ya usukani, na pochi ya leseni isikae upande mmoja na bastola. Ukisema unayo, usisogeze mkono mpaka uambiwe. Na kwa asiyeelewa Kiingereza cha haraka cha askari, nasema waziwazi maoni yangu: usibebe garini. Amri moja iliyosikika vibaya inatosha.

#8 – Nyota_ya_Kisumu

Mkubwa, nina swali fupi. Binamu yangu ana grini kadi kama mimi, hana kosa lolote, ila ratiba yake ya kazi inambana. Ananitumia pesa nimnunulie bastola, nimpe. Kuna ubaya?

#9 – MsafiriWaMajimbo

Usifanye hivyo. Fomu 4473 inakuuliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi, nawe si mnunuzi halisi. Kesi ya Abramski ya mwaka 2014 ni hiyo hiyo: aliyekuwa polisi Virginia alimnunulia mjomba wake bastola kwa pesa ya mjomba. Wote wawili waliruhusiwa kumiliki. Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 4, ikasema kosa ni kosa. Tangu 2022 kumnunulia mwingine asiyeruhusiwa, au unayejua atatumia kwa uhalifu, ni hadi miaka 15. Zawadi ya kweli kwa pesa yako mwenyewe, kwa mtu anayeruhusiwa wa jimbo lako, ni jambo tofauti. Umesema katuma pesa. Mwambie achukue siku ya ruhusa aende mwenyewe.

Najua kwetu kumkatalia binamu ni kazi. Mtumie uzi huu.

#10 – Mama_Wawili_Columbus

Naongezea la watoto, kaka, maana hamjaligusa. Wenye silaha ndani, fungeni. Michigan mwaka 2024 baba na mama wa kijana aliyeua wanafunzi 4 shuleni Oxford walihukumiwa kila mmoja miaka 10 hadi 15. Hawakupiga risasi wao. Baba ndiye aliyenunua bastola, siku chache kabla. Michigan sasa ina sheria ya kufungia silaha kwenye nyumba yenye watoto, na hata jimbo lako likiwa halina, kasha la chuma si ghali kuliko mtoto.

#11 – MsafiriWaMajimbo

Dada umesema, sina la kuongeza.

#12 – Kichwa_na_Trela

Mkuu, la mwisho na nawaachia wengine. Mwezi ujao nahamia Chicago na familia. Ninayo bastola, Glock 17, niliyonunua Texas kihalali. Nifanyeje?

#13 – MsafiriWaMajimbo

Illinois ni dunia nyingine kabisa, kwa hiyo umefanya vizuri kuuliza kabla ya kufunga mizigo.

Huko hata kukaa na silaha nyumbani kunahitaji kadi ya jimbo inayoitwa FOID. Mkazi mpya ana siku 60 za kujipanga, ila usizisubiri ziishe, omba mara tu upatapo leseni ya udereva ya Illinois. FOID ni ya kumiliki tu. Kubeba mtaani ni leseni nyingine, na inataka mafunzo ya saa 16. Kubeba waziwazi hakuruhusiwi.

Shida yako kubwa ni magazini. Glock 17 inakuja na magazini ya risasi 17, na sheria ya Illinois ya Januari 2023 imeweka kikomo cha 15 kwa bastola. Ziuze au ziache Texas, nunua za 15 au 10 kabla ya kuondoka. Usiseme utaziweka chini ya nguo kwenye sanduku, maana ukikutwa nazo hilo ni kosa la silaha, nawe bado hujaapa uraia.

Njiani pita Oklahoma City, St. Louis, kisha panda barabara kuu ya I-55. Bastola tupu, kwenye kasha lenye kufuli ndani ya buti, risasi pembeni. Na kabla ya hayo yote piga simu kwa wakili wa uhamiaji, si wa makosa ya jinai peke yake, umsomee orodha ya vitu unavyovisafirisha. Tangu kesi ya Padilla ya 2010 wakili wako wa jinai analazimika kukwambia kama kukiri kosa kutakufukuzisha nchini. Padilla mwenyewe alikuwa dereva wa lori mwenye grini kadi, ameishi Marekani zaidi ya miaka 40, na wakili wake alimwambia asihofu. Ushauri huo wa Padilla ulikuja baada ya kukamatwa. Wewe uutafute kabla hujawasha gari.